Mteja Asitoke Kichwa Wazi

Kwa aliyechelewa nampa kwa ufupi, kisha akae anisikilize.

Mcha Makungu alikuwa mfua kofia pale Kajificheni, chumba kimoja chenye mlango wa njiani na baraza ya kukalia wateja. Nasema kofia za viua, zile zinazoshonwa kwa mkono mwaka mzima na ushei, ambazo mtu mwenye akili hampi dobi wa kanzu na mashuka. Mcha alizifua, akazitia dondo, ule uji wa wanga wa kukazia kitambaa, akazivisha vichwa vyake vya mti zikauke zikiwa wima.

Siri yake ya kuvuta wateja ilikuwa sukari. Kijiko kimoja ndani ya dondo, na kofia ikasimama wiki mbili bila kulegea. Mwaka wa sabini na moja huo, sukari yenyewe ya foleni. Kidawa mkewe anakunywa chai kavu, na Mcha ananywesha kofia! Lakini wateja walimjia mpaka kutoka Chwaka.

Katika sehemu ya wiki iliyopita, mende waliinusa ile sukari. Alhamisi Mcha alifungua kasha, akaikuta kofia ya Bwana Muhiddin ina matundu ambayo hakuna fundi aliyeyashona. Na Bwana Muhiddin alikuwa mkubwa wa ofisi moja, siitaji, na kofia alikuwa anaifuata Ijumaa asubuhi.

Haya sikuyatunga mie. Kanihadithia Mcha mwenyewe kwa kinywa chake, na kila nilipotaka kumpunguzia alinikemea: "Andika kama nilivyofanya."

Basi naandika.

"Mcha!"

"Naam, Bwana!"

Bwana Muhiddin kasimama mlangoni. Kanzu imepigwa pasi, viatu vimepakwa rangi, na juu upara mtupu unangoja kofia.

"Iko tayari? Nnakwenda msikitini mapema leo, nna watu."

Mzee Jaku wa Makunduchi, aliyemfundisha Mcha kazi, alikuwa mchungu kama shubiri, lakini biashara aliijua. Kila siku alimwambia: "Mteja asitoke kwako kichwa wazi. Akitoka kichwa wazi leo, kesho ataingia kwa mwenzio." Neno zuri hilo. Nyinyi wenye vibanda na vyerehani lichukueni, sikukatazeni. Ila Mzee Jaku alisahau kumwambia hiyo kofia ya kumvika itoke wapi.

Kashani ilikuwamo kofia moja tu ya kuenea kichwa kile. Ya Darwesh.

Darwesh alikuwa mteja wa zamani, Mwarabu wa Kiponda, mtu mpole, zamani ana duka la vitambaa, siku hizo karani wa ghala. Kofia aliileta miezi minane nyuma, akasema ataifuata Jumamosi. Jumamosi ilipofika akamwambia mkewe, "Nnakwenda kwa Mcha kuchukua kofia yangu." Njiani watu wawili wakamwita pembeni, wakaondoka naye. Kwa Mcha hakufika. Tangu hapo hakuonekana, na jirani zake walijifunza kutomuulizia.

Lishikeni hilo wasomaji wangu: hakufika. Mkasa wote umekaa juu ya hilo.

Mcha aliitoa ile kofia, akaipuliza, akaishika kwa mikono miwili.

"Hii si yangu," alisema Bwana Muhiddin.

"Yako nimeizuia, Bwana. Haijanikaa machoni, nataka niirudie dondo. Leo vaa hii. Zawadi yangu kwako."

Hiyo nayo ni ya Mzee Jaku: mpe mteja kitu kabla hajafungua kinywa kulalamika.

Bwana Muhiddin akaivaa. Ilimkaa kama aliyepimiwa. Akaivua tena, akaitazama ndani na nje.

"Lo! Kazi hii! Kaishona nani?"

"Bibi kizee mmoja wa Mkunazini, Bwana. Keshakufa."

Bwana Muhiddin akatoka anatembea shingo juu. Jumatatu akamletea Mcha kofia sita za wenzake wa ofisini. Wiki ya pili zikaja kumi na moja. Baraza ikajaa watu wa kanzu safi, na ile kofia iliyoliwa na mende hakuna aliyeiuliza tena.

Aliyeuliza alikuwa Kidawa.

"Mcha, kofia ya Darwesh siioni kashani."

"Nimemvisha mtu."

"Nani?"

Akamwambia. Kidawa akaweka chini kata ya maji.

"Kofia ya mtu umemvisha mtu?"

"Mwenyewe hayupo."

"Hayupo si kafa, mume wangu."

"Na huyo changu unayempara magamba katoka wapi? Si katika kofia hiyo hiyo?"

Kidawa alikuwa na njaa kama sisi sote mwaka ule. Akampika changu, wakala.

Sasa mkewe Darwesh akiitwa Tamima. Siku moja Tamima yumo kwenye foleni ya mchele, kajifunika buibui lake, mfuko mkononi, na Bwana Muhiddin akaja kukagua. Akainama kutazama gunia, na kofia ikaja mbele ya macho ya Tamima, karibu kama ninyi na karatasi hii.

Kofia ile kaishona yeye, mwaka na miezi mitatu, tangu kuposwa mpaka kuolewa. Uzi mweupe ulimwishia kwenye kiua kimoja, hapo juu ya paji. Akachomoa uzi wa rangi ya maziwa katika mtandio wake akamalizia. Hakuna mtu mwengine duniani angekiona kiua kile. Yeye alikiona.

Akaanguka chini.

Bwana Muhiddin alidhani ni njaa. "Mpeni pishi mbili, asikae foleni," alisema, na akauliza jina lake na nyumba yake.

Kesho yake Tamima akaja Kajificheni na mama yake, Bi Shariffa. Barazani wameketi watu wawili wa ofisi ya Bwana Muhiddin, wanangoja kofia zao.

"Hodi."

"Karibuni. Shikamoo, Bi Shariffa."

"Marahaba, mwanangu. Hatukai. Tuna swali moja tu." Mwanamke mzima yule alibaki kizingitini. "Ile Jumamosi, Darwesh alifika hapa kuchukua kofia yake?"

Swali jepesi, mtoto wa chuoni angelijibu. Akisema hakufika, basi kofia ilibaki hapa, na ikiwa ilibaki hapa, vipi iko juu ya kichwa cha Bwana Muhiddin? Duka limekufa, na pengine na mwenye duka. Akisema alifika, basi Darwesh alikamatwa kaivaa, na hutoi kofia ya mwenzio kichwani ukaivaa mjini mchana kweupe ila mwenyewe haihitaji tena.

Mcha akawatazama wale wawili barazani. Mzee Jaku alikuwa akisema: habari ya mteja haifunguliwi mbele ya mteja.

"Alifika," alisema Mcha. "Aliichukua. Aliivaa hapa hapa."

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," alisema Bi Shariffa, akashika ukuta.

Tamima hakulia. Aliuliza kutoka ndani ya buibui, polepole:

"Ilimkaa vizuri?"

"Ilimkaa."

"Alhamdulillahi."

Wakenda zao. Mcha aliniambia: "Wallahi angelia, ningelimfuata nikamwambia kweli." Mie simwamini, na nimemwambia hivyo usoni.

Hayakuishia hapo. Mwanamke hakai kizuka, ile eda ya kufiwa na mume, kwa kuona kofia njiani, lazima jambo lipite kwa shekhe. Shekhe akamwita Mcha atoe ushahidi. Siku hiyo Kidawa alisimama kizingitini, mikono huku na huku.

"Hupiti."

"Niache, Kidawa, naitwa."

"Nenda kaseme kweli. Tutakula muhogo mkavu, tumeula zamani. Usende kumfanya mwanamke wa watu mjane na mumewe yuhai!"

"Unajua kama yuhai?"

"Na wewe unajua kama kafa?"

Mcha akampita chini ya mkono.

Kwa shekhe mambo yalikuwa mafupi.

"Uliiona kofia kichwani mwa Darwesh, kwa macho yako?"

"Niliiona."

"Apa."

"Wallahi, billahi, tallahi."

"Na sasa kofia iko wapi?"

"Juu ya kichwa cha mtu mwengine," alijibu Tamima, aliyeketi nyuma na mama yake.

Kichwa cha nani, shekhe hakuuliza. Miaka ile yalikuwapo maswali ambayo mtu mwenye watoto hakuyauliza. Alihukumu kwamba Darwesh amekwisha kufa, na mkewe aingie edani.

Mcha aliporudi nyumbani alikuta jiko limepoa. Kidawa kakunja kanga zake, kapanda gari ya shamba, kenda kwao Matemwe.

Miezi minne na siku kumi Tamima alikaa ndani. Hapaki wanja, hajitii mafuta mazuri, hachunguli dirishani. Miezi hiyo hiyo Mcha alipanda. Akakodi chumba cha pili, akaongeza vichwa vya mti kutoka kumi na viwili mpaka thelathini. Wafua kofia wawili wa Malindi wakafunga milango yao. Ukitaka kujua namna ya kumshinda mwenzio katika biashara, Mcha alikuwa na mafunzo mengi ya kukupa wakati ule, na aliyatoa bure, barazani, kwa sauti.

Eda ilipokwisha, Bwana Muhiddin alimwita pembeni.

"Mcha, yule mjane wa Kiponda aliyeanguka mbele yangu, bado nnamfikiri. Nataka uniposee."

"Mimi, Bwana?"

"Nani mwengine? Watu wake wanakujua. Nani asiyekuamini wewe mji huu?"

Hapo, jamani, hata mie niliyekuwa nikiandika niliweka kalamu chini. Nikamuuliza: "Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia hewala, Bwana."

Maana na hilo lina kanuni yake. Mteja ukimtumikia kwa jambo lisilokuwa kazi yako, hakuachi mpaka mmoja wenu azikwe. Mcha akawa mshenga.

Mara ya kwanza alikwenda kwa Nasser, ami yake Tamima, ambaye ndiye walii wake wa kumuozesha. Nasser alikuwa mtu wa mali zamani, na sasa kila akigongewa mlango huchungulia kwanza dirishani. Mkwe mkubwa wa ofisi! Alikubali kabla Mcha hajamaliza kahawa.

Mara ya pili alikwenda kusikia jawabu la mwanamke mwenyewe. Tamima, aliyeitwa na mama yake hapo hapo kwa ami yake, alisema nyuma ya pazia, Nasser akisikiliza:

"Bwana huyo anavaa kofia ya mume wangu. Nambie kaipata wapi. Nikijua, nitajibu."

Mtu mwengine angesema, "Nitakwenda kumuuliza." Lakini kumuuliza Bwana Muhiddin ni kumfungua macho. Mcha alijibu pale pale, na namna alivyojibu sijui aliipata wapi.

"Alipewa na Darwesh mwenyewe, Bi Tamima. Kule ndani Darwesh aliugua, na aliyemuuguza ni Bwana Muhiddin. Alipoona saa yake imefika, aliivua akamwambia, vaa, uniombee. Bwana Muhiddin kamwosha kwa mkono wake, kamkafini, kamzika kwa heshima. Ila hapendi litajwe. Tafadhalini, msimuulize."

Nyuma ya pazia Tamima akalia. Siku ya foleni hakulia, barazani hakulia, kwa shekhe hakulia. Siku hiyo alilia mpaka Bi Shariffa akamtoa Mcha nje.

Mara ya tatu jawabu lilikuwa tayari.

"Mwambie nimeridhia," alisema Tamima. "Aliyemsitiri mume wangu, sina budi kumsitiri."

Nikahi ikawekwa Ijumaa, baada ya sala ya alasiri.

Alhamisi, kabla ya adhuhuri, akaja mtu Kajificheni. Mwembamba kama ufito, kichwa kimenyolewa, kanzu ya kuazimwa inamfika magotini.

"Wewe ndiye Mcha wa kofia?"

"Ndiye. Karibu."

"Mimi Shaame, mtu wa Tumbatu. Nna salamu zako. Darwesh anakusalimu sana."

"Nani?"

"Darwesh wa Kiponda. Tulikuwa chumba kimoja mpaka jana nilipotolewa. Naye Jumatatu anatoka, majina yamesomwa na lake limo. Kanambia nikwambie, kofia yake usimuuzie mtu. Ataipitia kwako kwanza, asiingie kwa mkewe kichwa wazi."

Mcha alikaa chini, juu ya ndoo ya dondo.

"Vipi, ndugu yangu? Furaha hiyo?"

"Furaha," alisema Mcha.

"Sasa nionyeshe nyumba ya mkewe. Kaniagiza nimpe salamu kwa kinywa changu, maana huko hatuandiki barua."

Hapa, wasomaji wangu, mlango ulikuwa wazi. Nyumba ya Tamima haikuwa mbali, hata sigara moja isingekwisha njiani. Mtu amtoe Shaame kwa mkono, amfikishe, mwanamke ajue mumewe yuhai, na nikahi ivunjike. Mcha angefedheheka, angefunga duka, pengine angelala pale alipotoka Shaame. Lakini Tamima angebaki mke wa mtu mmoja.

"Mama yako hajakuona tangu lini?" Mcha aliuliza.

"Mwaka na nusu."

"Mwaka na nusu! Na wewe unazungukazunguka mjini na salamu za watu? Gari ya Mkokotoni inaondoka sasa hivi, ukiikosa hupati mashua ya kuvukia leo. Nenda, yakhe. Salamu za Bi Tamima nitazifikisha mimi."

"Utazifikisha?"

"Mimi na yeye kama ndugu."

Akampeleka mwenyewe mpaka Darajani. Akamkatia tikiti, akamnunulia mkate wa mofa na tende, akamvisha kofia safi. Shaame alimshika mkono kwa mikono yake miwili, machozi yanamlenga.

"Darwesh alisema kweli. Alisema wewe mteja wako humtupi."

Gari ikaondoka.

Ijumaa msikiti ulijaa. Mcha alikaa safu ya mbele, mahali pa mshenga, na kila alipogeuka aliona kofia alizozifua yeye. Bwana Muhiddin aliingia kanukia udi, kavaa joho, na kichwani ile ile.

"Umeiona?" alimnong'oneza Mcha. "Leo siku kubwa, nimevaa zawadi yako."

Shekhe, yule yule wa ushahidi, alikaa mbele ya Nasser na Bwana Muhiddin.

"Mashahidi ni nani?"

"Wa kwanza awe Mcha," alisema Bwana Muhiddin. "Ndiye aliyeanza jambo hili."

Mcha anasema alitaka kuitika naam, neno alilolisema maisha yake yote. Halikutoka. Lililotoka alilisikia kama wengine walivyolisikia.

"Darwesh yuhai."

Msikiti mzima ukageuka.

"Unasemaje?" aliuliza shekhe.

"Yuhai. Jumatatu anatolewa. Mwanamke huyu ana mume, shekhe, usimuozeshe. Darwesh hakuja kwangu ile Jumamosi, hakuichukua kofia. Niliitoa mimi. Hiyo hapo kichwani mwa Bwana, ni mali ya mumewe."

Bwana Muhiddin aliivua kofia polepole, akaitazama.

"Uliniambia kaishona bibi kizee wa Mkunazini."

"Nilikudanganya, Bwana."

"Na mie nyumbani kwangu," Nasser alipaza sauti, "uliniambia Darwesh kampa Bwana kwa mkono wake mwenyewe, siku ya kufa! Mara tatu umekuja kuposa, Mcha, mara tatu umekunywa kahawa yangu! Leo watu wamekaa unataka kunitia aibu na wakubwa? Nani kakutuma?"

"Hakuna aliyenituma."

Shekhe aliinua mkono.

"Kofia moja, Mcha, na hadithi nne. Bibi kizee, moja. Darwesh aliichukua, mbili, na hiyo uliniapia mimi. Darwesh aliitoa, tatu. Leo hakuichukua kabisa. Nishike ipi?"

"Hii, shekhe. Hii ndiyo kweli. Niapishe."

"Kwa kiapo gani? Ukiapa leo, unanambia kwamba siku ile uliapa uongo, na mtu wa kiapo cha uongo mimi siupokei ushahidi wake. Usipoapa, kiapo chako cha kwanza kinasimama. Umejifunga mwenyewe huku na huku. Unaye mwengine anayejua kama Darwesh yuhai?"

"Ninaye. Shaame, mtu wa Tumbatu, katoka huko juzi."

"Yuko wapi?"

Mcha aligeuka kuutazama mlango.

"Yuko wapi huyo Shaame?"

"Kenda kwao. Nimempakia gari jana, mimi mwenyewe."

Mtu nyuma akacheka. Wengine wakacheka naye, wateja wale wa barazani, watu waliokuwa wakimwita "Mcha wetu."

Shekhe hakucheka. Alimtazama Mcha kwa muda mrefu, kama mtu anayetaka kuahirisha nikahi, kisha akamtazama Bwana Muhiddin. Bwana Muhiddin aliivaa kofia tena, akaiweka sawa kwa vidole viwili.

"Mshenga amepigwa na jua," alisema. "Mtoeni nje apate upepo."

Wakamtoa. Hawakumpiga, walimshika mabega tu, kwa adabu, wakamweka nje ya mlango miguu mitupu, na mlango wakausimamia. Dirishani alimsikia shekhe anakohoa, anaita shahidi mwengine. Akamsikia Nasser anaozesha. Kisha sauti ya Bwana Muhiddin, nzito, kila mtu aisikie: "Nimekubali kumuoa."

Mcha akakimbia. Hakutafuta viatu. Bado bwana harusi hajatoka msikitini, bado kuna kula halua na kupeana mikono, na nyumba ya Tamima iko pembe ya pili. Atamwambia mwenyewe, usoni, amwamini asimwamini.

Mlangoni wanawake walikuwa wamejaa. Walipomwona anakuja mbio wakajua ishakuwa, wakapiga vigelegele.

"Mshenga wetu huyo!" Bi Shariffa alifungua mikono. "Kaja kwa miguu mitupu kwa furaha! Mwageni marashi!"

"Bi Shariffa, niacheni niseme na Tamima. Tafadhali, Bi. Neno moja."

"Nawe ndiye anayetakiwa na bibi harusi! Tangu asubuhi anakuuliza wewe."

Marashi yakamwingia machoni. Wakamsukuma ukumbini wakicheka, wakamsimamisha mbele ya pazia, na Bi Shariffa akawanyamazisha wote kwa kidole.

"Mcha?" Sauti ya Tamima ilikuwa tulivu kuliko siku zote.

"Naam, Bi Tamima."

"Ahsante kwa kuja. Nnaingia kwa bwana huyu usiku wa leo, nami nataka niingie na moyo safi. Nambie mara moja tu, kisha sitakuuliza maisha yangu. Darwesh alipokufa, aliniachia neno gani?"